Maombi ya Baba Damian Kwenye Theluji

Jumamosi ile Asteria alikabidhiwa kikundi cha mazoezi cha kanisa kwa mara ya kwanza, na hofu yake ilikuwa moja tu: mguu wa Mama Godelieve. Wiki iliyotangulia kigimbi kilimkaza mama huyo mlimani, akarudi mtaani kwao Bredäng akichechemea, akiapa kwamba akiumia tena hatatoka nje mpaka theluji iyeyuke.

Asteria aliliwaza jambo hilo hata akiwa amepiga magoti akisali, na akaona kosa lilipo. Kila mara walipasha miili moto ukumbini, kisha wakatoka nje wakasimama ili mzee wao, Baba Damian, aombe. Naye aliombea wagonjwa, wasafiri na nchi zote walizotoka. Ikifika Amina, miili imepoa kama haikuguswa. Lakini nani amkatize mzee akiomba?

"Shikamoo baba," alisema Asteria walipotoka. "Leo naomba utuombee huku tukipiga hatua bila kuondoka hapa tulipo."

"Marahaba. Mwanangu, hatuzungumzi na Mungu kama watu wanaowahi treni."

"Mbona kwaya yetu huingia ibadani ikicheza, na hajatufukuza?"

Mama Godelieve akacheka. "Kwetu Bukavu, mtu akisimama wima hivyo kwenye ibada tunamtazama kama bado anapumua."

Mzee akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akaanza kuomba. Walipoombea wagonjwa, mikono ilizunguka mabegani. Kwa wasafiri, vifundo vya miguu vikazungushwa. Alipofika Burundi magoti yalikuwa yanapanda hadi kiunoni, na sauti ya mzee ikapanda nayo, mvuke ukimtoka kinywani. Hakuna nchi iliyorukwa.

Wakaupanda mlima. Asteria alikaa nyuma, macho yake kwenye mguu ule. Haukusita. Mama Godelieve alifika juu wa kwanza, akageuka akawangoja, mikono kiunoni, kama mwenye mlima.

"Na sala ya kufunga?" aliuliza Baba Damian akihema.

"Hiyo tutaomba tumetulia, tukinyoosha misuli," alijibu Asteria. "Shikeni miti, kisigino chini. Usiifupishe, baba."

"Asteria," alisema Mama Godelieve, "hukupaswa kumwambia hivyo."

Mzee alikwisha fumba macho. Safari hii alianza na jina la Asteria, akalitaja polepole, wote wakisikia.