Clement Hasalimu Barabarani

Mume wangu Clement alilinunua lile gari-nyumba wakati theluji inageuka matope. Lilikuwa limelala gereji tangu kiangazi cha nyuma yake, baada ya wazungu wawili wa kusini kushindwa na mbu, wakapanda ndege kurudi kwao. Ndani lina jiko, lina choo, lina kitanda nyuma, na mbele lina viti viwili vipana kama vya kinyozi. Clement aliliosha hata siku ambazo lilikuwa safi.

Tulipanga kwenda Tuk, kule barabara inapoishia kwenye bahari ya barafu. Clement ameendesha greda maisha yake yote, akisawazisha kokoto ili watu wengine wapite, na kila mwaka alikuwa akisema, "Nikistaafu, Mama Darlene, tutaenda hadi mwisho, na kokoto za mtu sizigusi." Safari hiyo tungekwenda na Shayla, mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu Darlene. Kiti chake kilishafungwa, nyuma ya dereva, dirishani.

Mimi barabara haikunitisha. Nilizaliwa hemani, baba akiwa kwenye mitego yake, nikakulia huko huko porini, shule nikaionja tu. Dubu namjua. Baridi naijua. Kukaa kutwa bila kuona moshi wa mtu mwingine nakujua. Kwa hiyo Clement akipanga magurudumu ya akiba na madebe ya mafuta, mimi nilikuwa nakausha nyama ya kulungu na kuwaza tutasimama wapi tuchemshe chai. Hofu iliniingia kwa mlango ambao sikuwa nautazama.

Ilianzia dukani. Winnie, mwenye duka, alikuwa ananipangia unga na sukari kwenye boksi.

"Mzee wako siku hizi amekuwa mkubwa," akasema.

"Mkubwa wa nini?"

"Hatusalimu. Jana nimepishana naye pale darajani, nimeinua mkono mpaka kwapa likaniuma. Ananipita kama mtalii."

"Gari jipya hilo, Winnie. Limempanda kichwani."

"Mwambie hata mimi nina gari. Bovu, lakini gari."

Tukacheka. Huku kwetu watu hawapishani barabarani bila kuinua mkono. Hata wasiosemezana, hata waliopelekana mahakamani kwa sababu ya mbwa, vidole vitainuka juu ya usukani. Ukikwama huko porini, huyo uliyepishana naye ndiye atakayekuvuta, basi nani atamnyima salamu? Nilirudi nyumbani nikimpangia Clement maneno ya kumtania.

Nilimkuta mezani, amekunja uso juu ya ramani.

"Ramani hii mbovu," akasema. "Wameuondoa mji wa Dawson."

"Dawson yote?"

"Tunatoka hapa kwetu, tunapita Whitehorse, halafu hamna kitu. Mtu atafikaje Tuk bila kupita Dawson? Wanatuuzia karatasi nusu."

Nikaegemea bega lake. Dawson ilikuwa pale pale ilipo siku zote, upande wa kushoto, kwa maandishi ambayo hata mimi nayasoma bila miwani. Nikaweka kidole. Clement akageuza kichwa polepole, akakitazama kidole changu kama kimechomoza kutoka chini ya meza.

"Aa," akasema. "Kivuli."

Hapakuwa na kivuli. Utani niliokuja nao ukanikaukia mdomoni.

Jumapili akaja Ambrose kula. Ambrose ni mtoto wa mdogo wangu, anaendesha lori la mafuta linalokwenda mgodini. Hata kofia hajavua, akaanza.

"Mzee, tumegombana?"

"Tugombanie nini?" Clement akauliza.

"Nimekuwashia taa, nimekupigia na honi. Wewe unatazama mbele kama umebeba mayai."

"Sikukuona."

"Lori lile? Lenye taa kama mti wa Krismasi? Mama mkubwa, huyu mzee amepata mchumba. Mawazo yake hayapo hapa."

Nilicheka ili yaishe. Clement hakucheka. "Nimesema sikukuona," akasema kwa sauti ya chini, na Ambrose akainamia chakula chake.

Nikamtazama Clement akila. Akala nyama, akala karoti, akasukuma sahani, akashukuru. Upande wa kushoto wa sahani viazi vilikuwa vimekaa vile vile nilivyovipakua, hata mchuzi juu yake haujaguswa. Na Clement hajawahi kubakiza kiazi tangu nimjue. Nikainuka kana kwamba nafuata chumvi, nikaizungusha sahani.

"Umeniongeza?" akasema kwa furaha, akachukua uma.

Ambrose alikuwa anasimulia mambo ya mgodini. Mimi nilikuwa naitazama ile sahani. Dawson ilikuwa kushoto. Viazi vilikuwa kushoto. Na kwenye barabara zetu kila anayekuja mbele yako, awe Winnie na kigari chake, awe Ambrose na lori zima, anakujia upande wa kushoto. Clement hakuwa na majivuno yoyote. Hakuwa anawaona.

Kesho yake nilijaribu njia ya upole. "Twende kwa nesi, Clement, akutazame macho kabla ya safari."

"Macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu. Ni umri tu."

Akachukua chupa ya dawa dirishani, akanisomea herufi zile ndogo kabisa za chini, moja baada ya nyingine, bila kukosea. "Nesi wako anaweza hivi?" akauliza. Nikajiona mjinga. Nikajiambia labda kweli ni kivuli, labda alikuwa ameshiba. Halafu nikapita kwenye gari-nyumba kupeleka mablanketi, nikakiona kile kiti cha Shayla, kidogo, kimebana upande ule ule wa kushoto, nikakaa kwenye ngazi, mablanketi mapajani.

Darlene alipiga simu. Nilitaka kumwambia. Clement alikuwa amekaa karibu yangu, anamwagiza kwa sauti alete viatu vya mvua vya mtoto, na uso wake ulikuwa wa kijana. Nikazungumza habari za viatu.

Kabla mtoto hajaja, Clement alitaka kulijaribu gari kwenye kokoto, ile barabara ya kwenda Ross River. Ningeweza kukataa kwenda. Lakini angekwenda tu, na pembeni yake pasingekuwa na mtu. Nikavaa koti, nikapanda.

Tulipoacha lami, kokoto zikaanza kugonga chini ya gari na vyombo vikalia kabatini. Clement akapiga mluzi. Niliitazama mikono yake: imetulia, mikono ya mtu aliye kazini. Ila gari lilikuwa linahama. Ukingo wa barabara wa upande wangu ulianza kuniacha, misonobari ikasogea mbali, na gurudumu letu likawa linatafuta katikati, halafu likapita katikati.

"Mzee, tuko kati."

"Nakwepa mashimo."

Mbele yetu barabara ilikuwa inapinda kushoto. Juu ya miti ya upande ule nikaona vumbi limesimama, vumbi refu, la lori, na lilikuwa linakuja.

"Unaliona vumbi?" nikauliza.

"Vumbi gani?"

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mtu akipigiwa kelele huugeuza usukani ovyo, na sikujua angeugeuza wapi. Nikasema kwa sauti ile ya jikoni, "Simama kando, Clement. Huku kwangu. Nimebanwa na mkojo."

"Si kuna choo hapo nyuma?"

"Kipya mno, naogopa kukichafua. Simama, tafadhali. Huku kwangu."

"Sasa tumekinunua cha kutazama?" akanung'unika, lakini akavuta kulia, akavuta tena, mpaka matawi yakakwaruza kioo changu. Ndipo lori likatokea kwenye kona. Honi yake ilinipita kifuani. Kokoto zikapiga ubavu wa gari kama mtu katupa ndoo nzima, gari likayumba, kikombe kikaanguka nyuma kikavunjika. Halafu vumbi likafunika kila kitu.

Clement alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Huyu katoka wapi?" akauliza.

Nilishuka. Nikazunguka kwa nyuma mpaka dirisha la dereva. Lilikuwa wazi. Nikasimama pale, karibu kiasi cha kumshika sikio, nikainua mkono wangu kama watu wanavyofanya barabarani.

Clement alikuwa anatazama kiti changu kitupu. Akatazama vichaka vya upande ule.

"Mama Darlene?"

Nikaupunga mkono. Niliogopa jibu, lakini nilitaka kulijua.

"Mama Darlene, uko wapi?"

Nikamgusa bega. Akaruka kama ameguswa na moto, akageuza kichwa chote, ndipo akaniona, mkono bado uko juu. Tulitazamana. Wala hakuuliza nafanya nini pale.

"Tangu lini?" nikasema.

"Naona vizuri."

"Tangu lini, Clement?"

Akapangusa vumbi kwenye usukani kwa kidole gumba. "Tangu siku ile niliyoanguka kwenye kuni."

"Ulisema uliteleza kwenye barafu."

"Nilidhani ni barafu. Naona, Mama Darlene. Ila vitu vinatokea ghafla. Havikuwepo, halafu vipo."

"Na ulikuwa unataka kumweka Shayla hapo nyuma yako."

"Ningekwenda polepole. Barabara hizi nimezichonga mimi." Sauti yake ikapungua. "Usimwambie Darlene. Wakijua watachukua leseni, na sitaendesha tena hata kwenda dukani. Twende hii moja tu. Halafu naacha mwenyewe, naapa. Haya, panda."

"Sipandi."

"Panda."

"Sipandi, na wewe huondoki."

Akawasha gari.

Nilikwenda mbele ya gari, nikasimama upande wa kulia, kwa sababu kushoto ningekuwa hewa tu. Nikaweka viganja kwenye bati. Lilikuwa la moto, linatetemeka. Nimewahi kusimama mbele ya dubu jike mwenye watoto, na hofu yake ilikuwa nafuu, maana dubu nilijua atafanya nini. Huyu nimelala naye toka ujana wangu, na nilimtazama kupitia kile kioo nisijue kabisa. Uso wake ulikuwa mwekundu. Mdomo unasema kitu nisichosikia. Gari likasogea, kidogo tu, chuma kikagusa koti langu. Sikuondoka. Sikuwa jasiri. Sikuwa na njia nyingine.

Injini ikazimika. Clement akainamisha kichwa kwenye usukani.

Nikasikia viatu vinakimbia kwenye kokoto. Alikuwa Ambrose. Lori lilikuwa lake, linarudi tupu kutoka mgodini, na lilikuwa limekwenda mbali kabla halijasimama.

"Mna wazimu?" akaanza kutokea mbali. "Mlikuwa upande wangu! Ningewafanya unga!" Kisha akaniona nilivyoshika bati, akapunguza mwendo. "Kuna nini, mama mkubwa?"

Clement aliinua kichwa. Kupitia kioo akanitazama, akakitikisa kidogo, kidogo sana. Ananiomba. Na uongo ulikuwa tayari mdomoni: alisinzia, jua kali, hatujala. Ambrose angeamini, angetania, angekwenda zake. Tungerudi nyumbani na Clement wangu mzima, na wiki hiyo hiyo Darlene angemleta mtoto na viatu vyake vya mvua.

"Mzee wako haoni upande wa kushoto," nikasema. "Tangu majira ya baridi. Hakukudharau siku ile. Hakukuona, kama alivyokwambia."

Ambrose akavua kofia, akaivaa tena.

"Na mimi nikamwambia ana mchumba," akasema.

Kisha akaenda kwenye dirisha la dereva, na nikamwona anasita. Akageuka, akazunguka hadi mlango wangu, upande ambao Clement angemwona anakuja, akapanda akakaa kwenye kiti changu. "Mzee," akasema, "lori tupu halina mwizi. Niwarudishe nyumbani, mke wangu atanileta kulichukua."

Clement alikaa. Alikaa sana. Mbu walianza kuniingia shingoni na sikuwafukuza. Mwisho akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Ambrose bila kumtazama, akateremka. Alipozunguka nyuma ya gari, mimi nikimfuata, alishika bati njia nzima kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayepita ukutani gizani. Sijui kwa nini sikuwa nimewahi kuliona hilo. Ambrose akahamia kwenye usukani, Clement akapanda, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikaenda nyuma, nikaokota vipande vya kikombe, nikakaa.

Tulirudi, Ambrose anaendesha kama amebeba mgonjwa. Tulipofika kwenye lami Clement akazungumza, akitazama mbele.

"Kesho tumpigie Darlene. Nitamwambia mimi."

"Sawa," nikasema.

"Na nesi. Nesi atasema nini?"

"Sijui, Clement."

Hakika sikujua. Kama kile kilichomwangusha kwenye kuni kingerudi, sikujua kingechukua nini safari hiyo. Hofu ile haikubaki garini niliposhuka. Ninayo mpaka leo ninapoandika haya, na Clement anakoroma hapa karibu.

"Umekaa wapi?" akauliza baada ya kitambo.

"Nipo nyuma yako."

"Upande gani?"

"Kulia."

Akarudisha mkono nyuma, upande wa kulia, nikaushika. Ulikuwa wa baridi. Hakuna aliyeitaja Tuk.