Selima wa Makadara

Mourine alijisifu kanisani kwamba yeye si mtu wa kupekua mambo ya mumewe. Lakini jioni ile Javan alikuwa bafuni akiongea kwa simu, na milango ya bafu za mtaa wa Mbotela haijui kutunza siri.

"Nilimwacha Selima pale langoni, Kinyanjui," alimsikia akisema. "Aliniambia niende, nami nikaenda." Kisha kamasi zikavutwa. Javan alikuwa analia!

Sahani ya ugali nusura imponyoke Mourine. Huyu ndiye mwanamume aliyemzika mama yake mzazi mwezi wa Aprili, huko Bungoma, bila kudondosha chozi. Alisimamia hema, ng'ombe, wahubiri na ugomvi wa wajomba, macho makavu kabisa. Mourine, aliyemlilia mama mkwe mpaka sauti ikamkauka, alirudi Nairobi akijiuliza kama ameolewa na mtu au na jiwe. Leo jiwe limepata machozi, na machozi yenyewe ni ya Selima.

Javan alitoka bafuni macho mekundu. "Ni sabuni," akasema.

Miaka yote hiyo anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area, na leo ndiyo sabuni imeyajua macho yake? Mourine alimpa chakula tu. Ndani alikuwa anachemka.

Asubuhi alimweleza Ndunge, jirani yake pale wanapouza nguo za mtumba. Ndunge hana dogo. "Selima ni jina la Kiislamu. Huyo ni wa Eastleigh, dadangu. Na mwanaume halii bure. Ama ameachwa, ama kuna mtoto. Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

"Laja."

Basi Mourine akaanza uchunguzi. Alinusa mashati, yalinuka sabuni tu. Aliulizia huku na huku, akaambiwa Javan akitoka kazini hupitia Makadara kwa Kinyanjui, mwenzake wa kiwandani anayeishi peke yake. Kumbe nyumba ya kapera ndiyo imegeuzwa lojingi! Kilichomuuma zaidi ni hiki: tangu matanga Javan alikuwa akigaragara kitandani usiku kucha, lakini siku hizi anarudi macho mekundu, anakula akashiba, analala fofofo. Ni mwanamke gani huyo anayemliza mtu kisha akamtuliza? Mourine aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa kwamba ndoa yake imekwisha na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Jumamosi mchana alimwachia Ndunge nguo zake akamfuata mumewe. Javan alinunua mandazi, mengi kuliko ya watu wawili. Mourine akayaona, akauma meno. Alipofika kwenye mlango wa Kinyanjui alisikia sauti ya mwanamke ndani, tena inaongea Kiingereza cha puani. Kumbe amesoma! Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Selima yuko wapi?"

Wanaume wawili walikuwa kwenye kochi. Javan alishika kidude cha kuchezea gemu, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Kinyanjui, mdomo umejaa andazi, alinyoosha kidole kwenye runinga.

"Shemeji, ndiye huyo."

Kwenye runinga alisimama ajuza mwenye joho la kijivu, ameegemeza mgongo kwenye lango la chuma, na nyuma ya lango moto unawaka. Mourine hakudanganyika upesi hivyo. Alifunua pazia la kitandani, akakuta mtungi wa gesi na viatu vya Kinyanjui. Ndipo hasira ikampanda upya.

"Mama yako hukumlilia. Unamlilia mtu wa gemu?"

Javan aliinamisha kichwa. Kinyanjui akaona ni heri aseme yeye.

"Huyu mama anatembea na wewe tangu gemu ianze, shemeji. Anakufunza vita, anakutibu, anakugombeza ukisahau kula. Mwisho majitu yanawafukuza, yeye anabaki kushikilia lango ndio upite. Unaulizwa: ubaki ama uende? Mimi pia nililia, sidanganyi. Lakini manze, huyu jamaa simwelewi. Kuna njia ya kumwokoa, nimemwonyesha. Kila siku tukifika hapa anamwacha afe. Makusudi!"

Mourine akamgeukia mumewe, shaka mpya imemwingia. "Kwa nini, Baba Kweyu?"

Javan alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Siku ile kila nikitaka kulia, mtu ananijia. Hema halitoshi. Mhubiri amefika. Wazee wakaniambia nijikaze, mimi ndiye kifungua mimba. Nikajikaza. Wageni walipoenda nikayatafuta machozi, nikayakosa." Alitazama runinga. "Yako hapa tu. Huyu akipona, silii."

Moyo ulimuuma Mourine, na safari hii haukumuuma kwa ajili yake mwenyewe. Alijipenyeza kwenye kochi akakaa katikati yao. Mchezo ulikuwa umesimama, unangoja jibu.

Kinyanjui hawezi kuvumilia kimya. Alikinyakua kile kidude kwenye mikono ya Javan. "Basi leo tumwokoe, shemeji naye aone mwisho mtamu."

Mourine alimpiga kofi mkononi, akakichukua, akakirudisha kwenye viganja vya mumewe.

"Bonyeza uende," akamwambia. "Mlilie mama."