Koleo la Celestin

"Kwa hiyo hamtoi kitu," alisema Celestin.

"Hatutoi kitu, mzee wangu," alijibu Renatha, nesi wa uzazi wa mpango hospitalini. "Ni kufunga mrija wa mbegu tu. Nusu saa, unarudi kijijini Ihanda kwa miguu yako."

Celestin akamkazia macho. Miaka kumi na minane alikuwa akihasi mafahali kwa koleo la chuma, lile linaloponda mishipa bila kupasua ngozi, na wenye ng'ombe aliwaambia maneno hayo hayo: hatutoi kitu. Kweli, korodani zilibaki zikining'inia. Kisha zikanywea, na dume likawa maksai, linatafuna majani tu, hata mtamba apite puani.

"Hii ni kuhasi, sista. Mimi ndiyo kazi yangu."

"Siyo! Neno hilo limetoka kwa Waarabu. Waliwaita hivyo watumwa waliokatwa wakalinde wake za mabwana. Nani anataka kukufanya mtumwa?"

"Ndicho ninachouliza."

Nje, mkewe Therese alisubiri kwenye benchi. Uzazi wa saba ulimmaliza damu. Daktari alisema moyo wake hauwezi kisu, na mimba nyingine itamzika. Kwa hiyo kisu kilibaki cha mume. Wakarudi nyumbani.

Kesho yake jirani yake Hategekimana alimwita kuhasi fahali. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Karibu, maksai mwenzake huyu!" alicheka, akimwonyesha fahali.

"Shika kichwa cha mnyama, wewe."

Celestin akaliweka koleo majanini. Akapapasa kwanza juu ya korodani, polepole, kama ambaye hajawahi kupapasa. Chini ya kidole gumba mshipa wa damu ulidunda. Kando yake palikuwa na kitu chembamba, kigumu, kisichodunda: mrija aliousema Renatha. Akakisukuma. Kikateleza peke yake, kikauacha mshipa.

"Unambembeleza au unamhasi?"

Celestin akachukua koleo, akabana vyote pamoja kama siku zote, na safari hii akautazama mdomo wa chuma ulivyo mpana.

Jumatatu alikuwa kitandani hospitalini, shuka kifuani.

"Daktari, kinachodunda usikiguse. Tafuta kile kigumu, chembamba. Hicho tu."

Daktari akamgeukia Renatha. "Nani kamfundisha huyu?"

"Fanya kazi, mwanangu," alisema Celestin. "Mimi nitaangalia."

Akainua kichwa, na hakukishusha hata aliposihiwa, macho yakifuata vidole vya daktari. Dirishani alionekana Therese, amesimama juani, benchi tupu nyuma yake.