Nani Apigiwe Kwanza

Mwalimu mkuu alipoijaribu tovuti mpya ya shule, alikwama kwa mtoto wa kwanza.

"Huyu ana baba, ana bibi, na jioni huchukuliwa na mjomba. Hapa pana nafasi moja. Nimwandike nani?"

Mhandisi aliyeijenga alikiri kosa. Alikuwa ameruhusu mzazi mmoja awe na watoto wengi, akasahau kuwa mtoto naye ana watu wengi. Siku hiyohiyo akaunda jedwali la katikati: kila mstari unamuunganisha mtoto na mtu wake mmoja, pamoja na namba inayoonyesha nani apigiwe kwanza mtoto akiugua. Kwa mtoto mmoja, namba hazikuruhusiwa kufanana. Mwalimu aliyemshika mtoto mwenye degedege hana muda wa kuchagua.

Jioni mhandisi aliijaribu tovuti nyumbani, kwa binti yake mwenyewe. Binti huyo alilelewa na dada mkubwa wa mhandisi tangu alipoachishwa ziwa, mhandisi alipokwenda kusoma mbali. Sasa wote waliishi kwa dada. Mtoto alimwita dada "Mama", na mhandisi, mama yake mzazi, "Mama Mdogo".

Dada alikuwa anapiga pasi sare. "Mimi umeniweka wa ngapi?"

"Wa pili, Dada. Ni utaratibu tu."

"Haya, Bi Utaratibu. Akipata homa, utaratibu unaijua dawa inayomletea vipele?"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Uchungu uliuona siku moja, mdogo wangu. Homa zake nimekesha nazo mimi."

Mhandisi akaandika moja kwa wote wawili. Jedwali likakataa. Angeweza kuifuta kanuni ile. Ilikuwa mstari mmoja tu wa programu. Lakini sababu ya kuiweka ilikuwa palepale.

"Dawa yenyewe ni ipi?" akauliza.

Dada akaisimamisha pasi. "Kumbe huijui?"

Mhandisi akarudi kwenye jedwali. Akabadilisha namba: dada wa kwanza, yeye wa pili. Kisha akabonyeza kitufe cha majaribio. Simu ya dada ikalia juu ya meza ya pasi.

"Imefika," dada alisema, kwa sauti ya chini. "Yako je?"

"Yangu italia usipopokea wewe."

Dada akafuta mkono kwenye kanga, akapokea. Simu ya mhandisi ikabaki kimya, kama alivyoipanga.