Sponji ya Sofa Ziwani

Mama mwenye mtoto mkubwa, akiona mtoto huyo anarudi nyumbani na kusema ameamua kushindana, asishike mkasi wala kitambaa mpaka amesoma habari hii yote. Akishaisoma na bado akakata, asije akalia kwamba hakuambiwa.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa nguo, aliyeshonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani aliiweka chini ya dirisha ili apate mwanga na habari za mtaa kwa pamoja. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi simu, kijana mwenye miguu mirefu kiasi kwamba kazini walimwita Mrefu, na hata mama yake akalizoea jina hilo. Mrefu hakuwa na ubaya wowote, ila hakuwa mtu wa kumaliza jambo. Alijifunza gitaa, akalipeleka kuwekwa nyuzi mpya na hakulifuata tena. Alijifunza udereva, akajua kwenda mbele, kurudi nyuma akasema atakuja kufundishwa siku nyingine. Alianza kukipaka rangi chumba cha mama yake, na hadi leo ukuta mmoja ni wa kijani na nyingine bado zinasubiri.

Mama aliwasimulia wateja mambo hayo huku akiwapima. "Wangu yule? Kwa kuanza, hana mpinzani. Kumaliza ndiko asikokujua." Wateja walicheka hadi kipimo cha kiuno kikapotea, ikabidi wapimwe upya.

Siku moja walicheka hivyo huku Mrefu amesimama mlangoni na viatu mkononi. Aliingia, akala, akanawa, akasubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Mama, nimejiandikisha kwenye mashindano."

"Ya kuimba?"

"Ya michezo mitatu. Unaogelea ziwani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Hakuna kupumzika katikati."

Mama akauondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Nani anawafukuza?"

"Hakuna anayetufukuza, mama."

"Watu wazima wanaingia majini, wanatoka mbio, wanadandia baiskeli, wanazitupa, wanakimbia tena, na hakuna anayewafukuza. Baba, leo umelala vizuri?"

"Nataka kumaliza," Mrefu alisema. Hakuwa anacheka. "Hata nikiwa wa mwisho kabisa. Nataka nimalize kitu kimoja na wewe ukiwepo, ili ukiwasimulia wateja uwe na la kuongeza."

Mama akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Basi mazoezi yakaanza. Ya kwanza yalikuwa ya kuogelea, kwenye bwawa la hoteli moja ambako meneja alikuwa mteja wake wa simu. Mama alikwenda kuangalia mara moja tu, akarudi na presha. Mrefu alikuwa akiogelea kandokando ya ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani, na kila akichoka alishika ukingo.

"Na huko ziwani ukingo uko wapi?" mama aliuliza.

"Ziwani sitachoka."

Hilo ndilo jibu alilopewa mama mzima aliyezaa kwa uchungu. Wenye watoto wa namna hii wanajua mtu hulipokeaje. Unarudi kwenye cherehani, halafu usiku unaota maji.

Baiskeli nayo ikaja na yake. Kiti chake kilikuwa chembamba na kigumu kama kisigino cha kiatu cha harusi. Siku ya kwanza Mrefu alirudi akitembea kama amebana tikiti maji katikati ya magoti, akakataa kuketi kwenye kiti, akala amesimama, sahani juu ya kabati. Ndipo akaomba msaada. Washindani, alisema, huvaa suti moja ya kubana tangu majini hadi mwisho, na chini pana kitambaa cha kupunguza maumivu. Za dukani hazishikiki kwa bei. "Nishonee wewe. Hapa chini weka kitu chembamba tu, mama. Chembamba."

Mama alifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Asingeweza kuyapunguza maji ya ziwa wala kumwekea ukuta. Lakini kushona aliweza. Akachagua kitambaa kizuri cha kuvutika, akakata, akaunga. Alipofika pale chini alikitazama kile kitambaa chembamba, akakiona kama dharau. Akachukua mto wa sofa la zamani, akauchana, akatoa sponji. Akakata kipande cha kiasi. Halafu akawafikiria wajukuu ambao hawajazaliwa, akaongeza kingine juu yake. Akavishona ndani kwa mistari miwili ya uzi mnene, ule wa mabegi.

Mrefu alijaribu kwa kuzunguka mtaa kwa baiskeli, akarudi meno yote nje. "Mama! Ni kama nimekaa kwenye sofa!"

"Ndilo sofa lenyewe," mama alijibu kwa majivuno.

Wote wawili waliridhika. Kule bwawani aliendelea kwenda na kaptula yake ya siku zote, kwa sababu suti ilikuwa nzuri mno kuchakazwa kwa mazoezi. Ilitundikwa ukutani, imepigwa pasi.

Siku ya mashindano mama alikwenda na jirani yake, muuza mitumba, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa tukio wala kukosa la kusema. Walipata nafasi nzuri ufukweni mwa ziwa, karibu na kamba iliyotenga watazamaji na sehemu ya kuegesha baiskeli. Kamba hiyo ililindwa na dada mmoja mwenye kipenga na fulana ya njano, ambaye alikuwa ameshawaambia wote kwamba mshindani akisaidiwa na mtu wa nje anatolewa, na kwamba saa sita kamili mchana mstari wa mwisho, ule uliochorwa mchangani palepale karibu na kamba, unafungwa, aliyefika amefika.

Kipenga kikalia. Washindani wakaingia majini kwa pamoja, mikono na miguu ikigongana kama samaki waliomwagwa kwenye beseni. Mrefu alibaki nyuma kwa hekima, akapigwa teke la uso na mwingine aliyebaki nyuma kwa hekima kama yeye. Akaendelea. Kwa muda mfupi alikwenda vizuri, hata mama akathubutu kupumua.

Kisha sponji ikaanza kunywa.

Kutoka ufukweni ilionekana kama mtu anavutwa taratibu kwa nyuma. Kichwa kilibaki juu, kiuno kikashuka, miguu ikafuata, hadi Mrefu akawa wima.

"Jirani," muuza mitumba aliuliza, "mwanao anaogelea au anapanda ngazi?"

Mama alikuwa ameshajua. Aliijua sponji ile, aliwahi kuifua. Ikishiba maji huwezi kuinyanyua kwa mkono mmoja.

Boti ya uokoaji ikamsogelea Mrefu, naye akaishika ubavuni. Mama akaketi chini palepale, mchanga ukamwingia viatuni, akaachia pumzi ndefu. "Imekwisha. Mungu ni mwema. Twende nyumbani nikampikie."

"Mbona uso unang'aa hivyo? Si mtoto ameshindwa?"

"Yuko hai. Kushindwa nako ni ugonjwa?"

Dada wa kipenga akageuka. "Hajashindwa, mama. Kushika boti na kupumzika ni ruhusa, mradi isimsogeze mbele. Akiiachia, anaendelea."

"Na akiendelea kushika?"

"Anapandishwa, anarudishwa."

"Shika," mama akanong'ona. "Shika, baba. Shika hapohapo."

Mrefu aliangalia upande wa ufukwe. Kwa umbali ule hakuweza kumwona mtu, lakini mama aliapa kwamba alitazamwa yeye. Kisha mkono mrefu ukaachia boti. Jirani akapiga kigelegele. Mama akalifumba jicho moja, la pili likakataa kufumba, likamfuata mwanawe pigo kwa pigo hadi alipogusa nchi kavu.

Alitoka wa mwisho. Maji yalimshuka kwa nyuma kama bomba limepasuka, na sponji ikaivuta suti hadi magotini, mabega yakabanwa chini, akawa anakimbia ameinama kama anayetafuta sarafu. Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, maana angefanya nini? Lakini alipofika kwenye baiskeli yake akainua mguu kuipanda, mguu haukupita. Suti haikuuruhusu. Akajaribu mguu mwingine. Vilevile.

Mama alikuwa ameshafika kwenye kamba, mkasi umetoka mkobani, mkono hewani.

"Mama, mkono wako ukivuka hiyo kamba, yeye nje," dada wa kipenga alisema, bila ukali.

"Ni mshono wangu! Ni kazi ya kufumba na kufumbua!"

"Hata kama ni wako."

"Mama, rudisha mkono!" Mrefu akapiga kelele. "Tafadhali! Usiniguse!"

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Angeusogeza mkono kidogo tu na mwanawe angekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana, mzima, mkavu, bila baiskeli wala jua. Na hakuna ambaye angemlaumu, angeonekana mama aliyesahau sheria kwa mapenzi. Jambo hilo lilimpita kichwani, tena halikupita haraka. Alimwangalia Mrefu. Midomo ilikuwa ya buluu, macho yamemtoka, na alikuwa anamwomba kama alivyokuwa hajamwomba kitu tangu aache kuvaa kaptula za shule.

Mkono ukarudi. Mkasi ukaingia mkobani, zipu ikafungwa.

"Na mdomo?" mama akamuuliza dada. "Mdomo nao unazuiwa?"

Dada akafikiri. "Kelele za watazamaji ni ruhusa."

"Sikia, wewe!" Ufukwe mzima ulisikia. "Usivute katikati, utakesha! Uzi nimeumalizia kushoto, karibu na pindo. Papasa. Kuna kifundo!"

"Hakuna!"

"Kipo! Mimi ndiye niliyekifunga! Umekipata? Kikate kwa meno!"

"Kwa meno sikifikii, mama, kiko nyuma!"

Watu waliokuwa karibu wakalazimika kushikana.

"Basi kizungushe kwenye kidole ukivute kwa ghafla! Si hivyo, unavuta kama unakamua ng'ombe! Ghafla!"

Uzi ukakatika. Mstari wa kwanza ukafumuka, wa pili ukafuata, na Mrefu akaingiza mkono na kuichomoa ile sponji, vipande vyote viwili vimegandana, kubwa kama mkate, akaiachia chini ikatua *pwaa*. Jirani, aliyelijua sofa lile, akauliza kama kuna sponji yoyote iliyobaki sofani. Mrefu hakusubiri jibu. Akashika baiskeli akatoka mbio, kipenga kikamrudisha: kofia ya kichwani ameiacha. Akarudi, akaivaa mbele nyuma, akageuza, akaenda.

Mzunguko wa baiskeli ulipita mbele yao mara kadhaa. Kila alipopita alikuwa amesimama juu ya pedali.

"Kiti kimemkosea nini?" jirani aliuliza.

"Nyamaza," mama alisema. Hata yeye alikuwa ameanza kucheka, huku amejishika kifua.

Aliporudi na kushuka, miguu haikujua kwamba imeshuka. Iliendelea kuzungusha pedali ambazo hazipo. Watu wengine walikuwa wameshamaliza, wanakula ndizi na kupigana picha. Mrefu akapotelea kwenye njia ya wakimbiaji, jua likiwa utosini, na mama akaanza kumuuliza dada wa kipenga saa ngapi, akijibiwa anauliza tena, hadi dada akamwonyesha mkono wake wenye saa na kumwachia auangalie mwenyewe.

Sauti ya kipaza ilikuwa imeshaanza kuwashukuru waliohudhuria ndipo Mrefu alipotokea kwenye kona. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anaanguka mbele na kujiwahi, anaanguka na kujiwahi. Karibu na mstari magoti yakalegea. Mama akaruka, dada akamkinga kwa mikono yote miwili.

"Ukimgusa kabla ya mstari, umemtoa. Kafika hapa, mama. Umtoe hapa?"

Mama akaichomeka mikono yake kwapani, akaibana huko kama wezi wawili. Sauti aliyoitoa haikuwa ya kubembeleza hata kidogo.

"Wewe! Usianguke hapo! Kama unataka kuanguka, njoo uangukie huku! Nani atakuokota huko? Sogea! Huku!"

Mrefu akasogea. Akasogea tena. Kisha akaanguka kama mlango ulioachwa na bawaba, kichwa na kifua upande huu, miguu yake yote ya urefu ule upande wa pili.

Dada wa kipenga akainama, akaangalia saa, akaangalia mstari.

"Kifua kimevuka. Amemaliza."

"Na miguu?" jirani akauliza.

"Miguu itakuja."

"Sasa ruhusa?" mama alisema, mikono bado iko kwapani.

"Sasa ruhusa, mama."

Akapiga magoti, akamshika mwanawe chini ya mabega na kumvuta, miguu ikaburuzika mchangani ikaingia nayo. Akamfuta uso kwa upindo wa gauni lake. Mrefu akafungua jicho moja.

"Mama. Umeona?"

"Nimeona, baba. Mwanzo mpaka mwisho nimeona. Usinionyeshe tena."