Mpigaji wa Tisa wa Ocheta

Thurman Gaddis hakuwa na ofisi. Hakuwa na bosi, hakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, hakuwa na fulana yenye nembo kifuani wala kofia yenye jina la chuo. Hakuwa na goti la kulia la kutegemewa. Hakuwa na mke tena, na mbwa aliyeachiwa na marehemu alimpenda jirani kuliko yeye. Na tangu mwaka jana alikosa kitu ambacho hakuwahi kukikosa katika miaka yake yote ya kazi: nafasi ya kutazama mchezo bila yeye kutazamwa.

Kazi yake ilikuwa kusaka vipaji vya besiboli kwa ajili ya vyuo vidogo, vile ambavyo kocha ndiye huyohuyo anayekata nyasi za uwanja na kuendesha basi la timu. Kocha wa namna hiyo hana muda wa kuzunguka Alabama nzima akitazama wanafunzi wa sekondari. Humlipa mtu kama Thurman kiasi fulani kwa mwaka, naye Thurman huzunguka, hutazama, huandika. Hakuwa mtu wa chuo chochote, na ndiyo maana vyuo vilimwamini. Hakupokea senti ya mzazi. Akisema kijana anafaa, anafaa. Akisema hafai, usipoteze mafuta yako.

Sasa alikuwa ameota mkia. Mkia huo uliitwa Brice Kettering, kijana mwenye simu mbili na miwani ya jua iliyokaa juu ya kofia mchana kutwa bila kushuka machoni. Kampuni yake ilitoza wazazi ili kuwatangaza watoto wao mtandaoni. Brice hakujua kutazama mchezo. Alijua kumtazama Thurman. Popote mzee alipoelekeza tochi yake, yaani kile kifaa cha kupimia mwendo wa mpira, ndugu yake ile ya trafiki wa barabarani, Brice alipiga picha. Kabla ya chakula cha jioni jina la kijana lilikuwa limezagaa kila mahali, na vyuo vikubwa vimeshapiga simu.

"Barua zako zinanifikia zimepoa, Thurman," alimwambia Kocha Hovland wa Chuo cha Tolliver. "Umeniletea vijana watatu mwaka huu, na wote wamechukuliwa mimi bado natafuta ufunguo wa gari. Nimebakiwa na nafasi moja. Nataka mrushaji wa mkono wa kushoto. Na huyu naye ukinikosesha, mwakani sikulipi. Siwezi kununua gazeti la jana."

Makocha wengine waliomlipa Thurman walimfuata Hovland kama kondoo. Akiondoka huyo, wameondoka wote. Mzee alielewa vizuri: benchi lake la nyuma ya wavu, alilolikalia tangu nywele zikiwa nyeusi, lilikuwa limebakiwa na kijana mmoja.

Na kijana mwenyewe alikwisha kumpata. Aliitwa Delano Yancey, mrefu kama ngazi, wa sekondari ya Ocheta, mji wa kinu cha mbao na makanisa mengi. Thurman alimwona mwezi Machi, dakika chache tu kabla mvua haijavunja mchezo. Alitaka kumwona mara moja tena, mchezo mzima, kisha aandike. Tatizo lilikuwa ule mkia.

Basi Jumatatu moja ya Mei alifika Ocheta na hila. Alikaa nyuma ya wavu, akafungua pakiti ya mbegu za alizeti, akawapitia vijana mmojammoja akitafuta aliye mbovu kuliko wote. Hakutafuta sana. Upande wa kulia, mbali kabisa, ambako makocha humweka yule wasiyeweza kumwacha nyumbani, alisimama Tobin Suggs. Katika kupiga alikuwa wa tisa, na wa kumi hayupo.

Thurman akamwelekezea tochi. Tobin alipourudisha mpira ndani, mzee alisoma namba, akapiga mluzi mdogo, akaandika kitu. Alichoandika kilikuwa "nunua sabuni".

Brice alikuwa ameshafika pembeni yake. "Mzee Gaddis! Leo tunamtazama nani?"

"Sisi nani? Mimi natazama mawingu."

"Yule wa kulia, siyo? Nimeona."

"Sijasema kitu, kijana."

"Hujasema, ndiyo maana nimejua."

Delano alipopanda kurusha, Thurman aliiweka tochi kwenye paja na kugeuza uso kulia, kwa Tobin. Sikio ndilo alilomwachia Delano. Mpira ulipoingia kwenye glavu ya mdakaji ulilia kama mlango uliobamizwa na upepo, na mzee, kwa sauti ile tu, alijua alichohitaji kujua. Mara mojamoja alimtupia jicho la wizi.

Kule kulia mambo yalianza kunoga. Tobin alivuta kofia, akajinyoosha kama mtu aliyezoea kupigwa picha. Zamu yake ya kupiga ilipofika alikosa mipira mitatu, lakini aliikosa kwa heshima zote, gongo likizunguka hewani kwa madaha. Katika zamu ya nne ya mchezo aliukimbilia mpira wa juu, ukamdondoka, akauokota, kisha akawainamia watazamaji.

"Ana haiba," alisema Brice, vidole vikikimbia kwenye simu. "Huwezi kufundisha haiba."

"Huwezi," alikubali Thurman, akainua kikombe cha kahawa apate pa kufichia kicheko. Alimhurumia kidogo Tobin kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Kidogo tu.

Zamu ya tano ilipokwisha alishuka kununua karanga za kuchemsha. Nyuma ya sufuria alikaa mwanamke mzee mwenye aproni na macho makali.

"Kikombe kikubwa, tafadhali, Bi..."

"Ardelle Suggs. Bibi yake huyo unayemmulika."

Thurman alitafuta neno la adabu. "Mjukuu wako ana moyo."

"Mjukuu wangu hajagusa mpira kwa gongo tangu Pasaka, usinichezee. Nimekaa hapa nakutazama. Ukimtazama Tobin, unatafuna mbegu zako kama kindi. Delano akianza kurusha, mdomo unasimama. Hata mate humezi."

Katika maisha yake yote ya uwanjani hakuna aliyewahi kumsoma hivyo. Aligeuka kuona Brice alipo. "Bi Ardelle, nakuomba, punguza sauti."

"Nikiipandisha je? Nikamwita yule mwenye macho ya akiba kichwani, nikamwambia unayemtaka ni nani?"

"Utakuwa umenimaliza."

"Ndivyo nilivyofikiri." Alimjazia kikombe mpaka juu. "Mchezo ukiisha, uje kwangu, nyumba ya kijani mbele ya kinu. Uje na kalamu."

Alikwenda, angefanyaje? Bi Ardelle alimweka mezani jikoni, akampa chai baridi yenye sukari ya kutosha harusi nzima na kipande cha pai ya pechi, kisha akasema shida yake bila kuzunguka. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Tobin ana akili na hana ada. Vijana wa Ocheta wasiokwenda chuo huenda kinuni, na kinu kilishachukua vidole viwili vya baba yake. "Umemtumia mjukuu wangu kama kitambaa cha kufunikia keki. Sawa. Sasa mwandikie barua."

"Bibi, siwezi kuandika kwamba anajua kupiga."

"Nani amekwambia uandike hivyo?"

"Barua yangu moja ya uongo ikifika kwa kocha, za kweli zote zinakufa. Sina kitu kingine cha kuuza. Wala siwezi kuahidi nafasi. Nafasi ni ya kocha. Mimi naeleza nilichokiona tu."

"Basi kaa, uone vizuri."

Mlango wa nyuma ukafunguka, Tobin akaingia na vumbi lake lote. Alimpa mzee mkono. "Shikamoo, mzee. Ile ya kuinama haikuzidi?"

"Marahaba. Kuinama gani?"

"Baada ya kudondosha mpira. Niliona kama nimetia chumvi, lakini jamaa akapiga picha, nikajua imekubali."

Uma wa Thurman ulibaki hewani, pechi ikining'inia. "Ulijua?"

"Mzee, mtu mzima ametoka mbali na tochi yake, anamulika mpigaji wa tisa! Nikajiuliza, huyu anamficha nani, na anamficha kutoka kwa nani? Kila ukinitazama, na yule wa simu mbili ananitazama. Nikasema, aha. Nikaangalia timu yetu, wa kufichwa ni mmoja tu, na Delano ni rafiki yangu. Nikaona nikusaidie."

"Mpaka ule mpira uliudondosha makusudi?"

Tobin alijikuna kisogo. "Hapana, ule ulidondoka mwenyewe. Kuinama ndiko kulikuwa makusudi."

Bi Ardelle alicheka mpaka akashika beseni la vyombo. Thurman hakucheka mara moja. Alikuwa akikumbuka zamu ya sita, pale Ocheta walipopiga mipira mitano mfululizo dhidi ya mrushaji aliyekuwa amewatesa mchana mzima. "Zamu ya sita kulitokea nini?"

"Yule mrushaji wao akitaka kutoa mpira wa kupinda, hulamba mdomo kwanza. Nilimwona nikiwa benchi, nikawaambia wenzangu."

"Na wewe ulijua, mbona ulikosa?"

"Kujua ni kujua, mzee. Mikono yangu haikuambiwa."

Hapo Thurman alicheka, na goti likamuuma kwa kucheka. Mwerevu hajinyoi, naye mbele ya wote wawili alikuwa amenyolewa kavu, bila maji.

Simu ya Bi Ardelle ikalia. Alisikiliza, akaguna, akasema "asante mwanangu" kwa sauti tamu ya kutisha, akakata. "Ni yule Brice. Ati makocha wa vyuo vikubwa vitatu wanakuja Alhamisi kumwona Tobin. Atamtangaza bure."

Thurman alishtuka. Makocha watatu kwenye uwanja uleule wa Delano!

"Waache waje," alisema Tobin. "Delano amerusha leo. Alhamisi atakuwa benchini anapumzisha mkono, harushi tena mpaka Jumamosi. Wataniona mimi tu. Nitawainamia."

Mzee alikuwa anataka kusema maneno hayohayo, na ilimuudhi kidogo kutanguliwa. Akachukua kalamu. Kocha Hovland hakupokea simu mwezi wa Mei kwa sababu ya wazazi waliompigia kuombea watoto wao nafasi. Barua ya Thurman aliifungua hata akiwa juu ya trekta. Mzee akaandika:

"Kocha. Delano Yancey, mkono wa kushoto, mchukue. Anarusha Jumamosi saa saba mchana hapa Ocheta. Njoo peke yako, usivae kofia ya chuo.

La pili hukuniuliza. Yupo kijana anaitwa Tobin Suggs. Hapigi, hadaki, na anakimbia kama mtu anayefuata basi asilolitaka. Usimpe gongo. Mpe kiti karibu yako benchini, umsomeshe, naye atawasoma wapinzani wako. Leo amemsoma mrushaji mzima kwa kumtazama midomo tu."

Akaishia hapo. Bi Ardelle, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, aligonga karatasi kwa kidole. "Hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Hujasema alivyokusoma wewe. Kumsoma mtoto wa sekondari, nani hawezi? Andika kwamba alikusoma wewe, zamu zote saba, na wewe hukujua."

Thurman aliisukuma karatasi mbali kidogo. Hovland alimlipa kwa sababu moja: hakuna kijana aliyewahi kumpiga Thurman Gaddis changa la macho. Baba alijaribu, kocha alijaribu, mshenga wa kila aina alijaribu. Sasa aandike kwa mkono wake kwamba mpigaji wa tisa amemweza, tena akiwa ndiye aliyemchagua?

"Si ulisema unaeleza ulichokiona?" aliuliza bibi. "Au unaeleza vile unavyovipenda tu?"

Tobin aliangalia viatu vyake. Huko nje king'ora cha kinu kilitangaza watu wa zamu ya jioni waingie.

Mzee akaivuta karatasi. Aliandika polepole, kwa hati yake bora: "Mimi mwenyewe amenichezea mchezo mzima, na nisingejua kama asingeniambia. Ninaandika hili nikiwa na akili timamu." Akatia sahihi kabla hajabadili mawazo.

"Sasa nipe bahasha nifunge," alisema.

"Wewe?" Bi Ardelle alikuwa ameshaikunja barua. Akailamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaikandamiza kwa chupa ya shira, akabandika stempu. Gari la posta lilikuwa linakuja taratibu kutoka upande wa kanisa. Bibi alitoka na aproni yake, akasimama katikati ya barabara na mkono juu, hakuondoka mpaka dereva alipoipokea barua kwa mkono na kuitumbukiza ndani ya mfuko.