Bado Tuko Chomboni

Kanisani walimwita Konkodansi, kama kile kitabu cha kutafutia mistari ya Biblia, naye hakukasirika. Ukimtajia neno lolote, alikutajia kitabu, sura na mstari kabla hujafunga mdomo. Siku za mashindano ya maswali ya Biblia, watu wa makanisa jirani wakimwona tu anaingia ukumbini, roho zilikuwa zinawadondoka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Yeye alipiga misumari, akakata sponji, akajaza mito. Mkewe, kwenye cherehani ya pembeni, alishona vitambaa.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Asubuhi alisoma kijistari kimoja, akafunga Biblia, akashinda nacho. Alikitafuna huku miguu ikikanyaga cherehani na midomo ikichezacheza, kama ng'ombe anayecheua kivulini. Mumewe hakuacha kumtania.

"Mama, wewe bado uko Marko tu? Mimi nimeizunguka Biblia nzima nikarudi."

"Karibu tena. Huko njiani uliona nini?" mkewe aliuliza bila ubaya, akikata uzi kwa meno.

Konkodansi alicheka, akachukua nyundo yake.

Kisha mkewe akaanza kukonda. Madaktari walikuta uvimbe tumboni. Walimpasua, wakaona ulivyosambaa, wakamshona tena na kumrudisha nyumbani. Mume akabeba kochi refu kutoka karakana akaliweka sebuleni karibu na dirisha, mgonjwa apate hewa. Akaanza kumletea mistari ya uponyaji asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Mkewe aliipokea yote, akashukuru, akageukia ukutani.

Alasiri moja akamwambia, "Mume wangu, nisomee ile ya dhoruba. Polepole."

Konkodansi hakuhitaji hata kufungua kitabu. Aliimwaga kama maji ya mvua kwenye bomba: upepo, mawimbi yanaingia chomboni, wanafunzi wanamwamsha Bwana, anakemea, shwari.

"Rudi nyuma," mkewe alisema. "Ishia pale wanapomwamsha. Pale wanapomuuliza kama hajali kwamba wanaangamia."

"Lakini hapo hapajaisha! Aliamka, akaukemea—"

"Najua aliamka. Hilo nalijua tangu shule ya Jumapili. Ila mimi sijafika huko. Bado niko chomboni, na maji yananifika magotini. Kaa na mimi hapa hapa. Usinikimbilie mbele."

Akakaa. Kimya kile kilimwasha mwili mzima, alizoea maneno. Mkewe akauliza, macho ameyafumba, "Hivi ule mto, unafikiri nani alimwekea?"

"Mto gani?"

"Bwana alikuwa amelala juu ya mto. Wewe fundi wa mito, mstari unao kichwani, mto hujawahi kuuona?"

Safari hii alifungua kitabu. Mto ulikuwepo. Umri wake wote alikuwa akipita hapo mbio, na hakuwahi kuugusa.

"Labda Petro," alisema kwa aibu kidogo.

"Petro na haraka zile!" Mkewe alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu. "Mimi nasema ni yule mnyonge wao, asiyetajwa hata jina. Aliona Bwana amechoka. Maana alichoka kweli, eti. Hakuwa anajifanya kulala."

Tangu hapo alasiri zao zikawa za chomboni. Siku nyingine waliongea, siku nyingine walisikiliza tu upepo ule. Kuna siku mkewe aliirudia ile "hujali?" akilia, si kama mtu anayesoma, bali kama mwenye swali lake. Konkodansi akaogopa.

"Usimwambie Bwana hivyo, mama."

"Wenzangu walimwambia, na hakuwatupa majini."

Moyoni mwake mume alisubiri siku ambayo mkewe angesema, haya, twende mbele. Ile shwari alikuwa nayo tayari ulimini. Siku hiyo haikufika. Mkewe alifariki asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yao, wakati mume yuko jikoni anachemsha maji ya kumwogesha.

Msibani watu walimgeukia. "Konkodansi, tupe neno la faraja." Alisimama. Mistari yote ilikuwa kichwani, imepangwa kama bidhaa dukani, lakini mkono haukunyanyuka kuchukua hata mmoja. "Mke wangu amekufa," alisema, akaketi. Wengine walinong'ona kwamba imani imemponyoka. Mchungaji alimshika bega tu.

Aliporudi karakana, siku moja alinyoosha mkono bila kutazama. "Mama, niletee kitambaa cha mgongo." Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Hapo ndipo swali lilipomtoka, kwa sauti, kisha kwa kelele: "Mwalimu, kweli hujali?" Wapita njia waligeuka. Hakuna kilichotulia. Ila alipokuwa akijifuta uso, jambo moja lilimjia ambalo hakulisoma popote: humwamshi mtu asiyekuwa pamoja nawe chomboni.

Binti yao hakuwa amekanyaga kanisani tangu mazishi. Jumamosi moja alimjia baba yake nyumbani, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba, usinipe mstari. Ukinipa mstari, naondoka."

"Sina wa kukupa, mwanangu. Kuna mahali tu mimi na mama yako tulikuwa tunakaa. Ukitaka, kaa."

Binti aliketi. Baba akafungua Biblia penye dhoruba, akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye lile swali la wanafunzi. Binti akasubiri.

"Ndiyo hapo tu?"

"Mama yako aliishia hapo."

Binti akapasuka kulia, kilio ambacho hakukitoa hata kaburini, mpaka jirani akachungulia dirishani. Mstari mzuri ukamjia Konkodansi kwenye ncha ya ulimi, na sura yake na namba yake. Akaumeza. Akavuta kiti chake hadi kilipogusana na cha binti, naye akalia. Walikaa hivyo mpaka jua likahama sebuleni, wala hakuna aliyefunua ukurasa.